Simu ya Mjomba Haifunguki

Accra,
9 Agosti 2022

Mjomba Ntiamoah,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila goti la Mama bado linamsumbua. Ameanza kulichua kwa mafuta aliyouziwa kanisani, nyumba nzima inanuka karafuu. Mimi sijambo, nimepunguza kula kenkey usiku kama ulivyoniagiza. Vipi kakao mwaka huu? Na Nana, chifu wetu, anaendeleaje? Mpe salamu zangu, mwambie mjukuu wake polisi anamkumbuka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jana nimeletewa mezani simu ndani ya mfuko wa ushahidi. Kazi yangu, kama unavyojua, ni kufungua simu za watuhumiwa. Nikatazama kava lake: la zambarau, limechanika pembeni, limebandikwa picha ya kondoo. Mjomba, kava hilo nilikununulia mwenyewe Krismasi!

Maelezo ya kesi yanasema lori la pombe kali ya schnapps lilitekwa kwenye barabara ya Kumasi, na kuna mfanyabiashara huko kwenu Asubenso anashukiwa kuuza mzigo huo. Na wewe, mkuu wa ukoo wa kifalme, umenunua kwake katoni kwa katoni, chupa za tambiko za kutosha kuwaamsha mababu wa Ghana nzima. Ulipoulizwa ni za nini ukajibu, "Za kunywa." Mjomba, wewe hunywi! Ukaulizwa namba ya siri ya simu, ukasema umesahau.

Ofisini hawajui kwamba tuna undugu. Mimi natumia jina la baba, Amartey, kila mtu anajua ni jina la Kiga, la wavuvi wa pwani, na wewe ni wa upande wa mama. Nimeona ninyamaze nikusaidie kimyakimya. Lakini simu hizi zina ubishi. Ujumbe wake umefungwa kwa mafumbo ambayo hata waliozitengeneza wanasema hawawezi kuyafumbua, na ukikosea namba mara kumi inajifuta yote. Nimejaribu tarehe yako ya kuzaliwa, ikakataa. Nikajaribu siku ya uhuru, 060357, maana ndiyo namba ya kila mzee nchi hii. Ikakataa na kunifungia nje.

Tafadhali niandikie hiyo namba, mpe Serwaa muuza vitunguu aniletee. Nitafungua, nitaona huna kosa, mambo yataisha. Kama hakuna kitu mle ndani, unaficha nini?

Mpwa wako,
Kwadwo

Nimesahau: kabla hatujaiweka simu kwenye mfuko wa kuzuia mtandao, iliita. Kioo kikaandika USIPOKEE. Nikatazama namba inayopiga. Ni ya Mama. Mjomba, kweli?


Asubenso,
23 Agosti 2022

Mpwa wangu Kwadwo,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka vitunguu. Mwambie mama yako aache mafuta ya wachungaji, atwange tangawizi. Kakao si haba. Huku kumepoa sana, harusi ya binti wa Serwaa imeahirishwa na wapiga ngoma wa ikulu ya Nana wamepewa likizo. Nana hajambo. Amekwenda shamba.

Kuhusu mama yako na lile jina: usimwambie. Dada yangu nampenda, lakini akipiga simu huanza na ndoto aliyoota, kisha anaisimulia tena kutoka mwanzo kwa sababu kuna mahali alikosea.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikazunguka mti wa limau, nikarudi kuisoma tena ili nihakikishe ni wewe uliyeiandika. Unaniuliza naficha nini? Mlango wa choo chako una komeo? Unaficha nini?

Nina sanduku la bati chini ya kitanda, aliniachia bibi yako. Tangu enzi za gavana wa Kiingereza hakuna askari aliyewahi kuniomba ufunguo wake. Leo sanduku limekuwa dogo, linaingia mfukoni, basi limeshakuwa la serikali? Halafu, Kwadwo, simu ile si yangu peke yangu. Mle kuna maneno ya watu walioniambia mimi, si mimi na kituo cha polisi.

Schnapps nimenunua dukani, mchana, mbele ya watu. Sijaiba. Zaidi ya hapo sisemi.

Na 060357! Umenidharau sana. Mimi ni mtu wa kutumia namba kama hiyo? Hiyo ni ya mama yako.

Mjomba wako,
Yaw Ntiamoah


Accra,
8 Septemba 2022

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameacha mafuta, ameanza tangawizi, sasa nyumba inanuka tangawizi na karafuu. Anakusalimu. Anashangaa kwa nini hupokei simu. Nimemkumbusha simu yako iko polisi, akasema, "Hata kabla ya hapo."

Mjomba, tuache utani kidogo. Bosi wangu, Madam Agbenyega, si mtu wa mchezo. Leo amepiga meza mpaka chai yangu ikamwagika. Anasema ndani ya simu yako kuna mazungumzo yako na yule mfanyabiashara, na huenda ndiyo pekee yanayoonyesha mzigo uliobaki umefichwa wapi. Dereva wa lori alipigwa, Mjomba. Yuko hospitali Kumasi, taya limefungwa nyaya, anakunywa uji kwa mrija. Ana watoto. Mimi nikimfikiria yeye, hoja yako ya choo hainichekeshi sana.

Wasipopata kitu watakushtaki wewe kwa kupokea mali ya wizi. Silali vizuri. Nakuona gerezani na ile miguu yako inayovimba, unagombea blanketi na vibaka.

Njia rahisi ninayo. Mwambie Nana aandike mistari miwili tu, kwamba schnapps ni za ikulu. Nani atabishana na Nana? Na hilo shamba alilokwenda ni shamba gani? Hii ni wiki ya tatu. Analima nini?

Kwadwo


Asubenso,
1 Oktoba 2022

Kwadwo,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu Serwaa alipata pancha njiani, na mimi nilipata mahakama.

Nilisimama mbele ya hakimu, kijana mzuri tu, miwani yake kama ya marehemu baba yako. Akasema, "Mzee, taja namba ya siri ya simu yako."

Nikasema, "Mheshimiwa, nimesahau."

Akasema, "Karani ananiambia uliposimama hapa mwaka jana kwenye kesi ya mpaka wa shamba ulitaja mababu zako wote mpaka yule aliyetoka msituni. Hao unawakumbuka, tarakimu sita zimekushinda?"

Nikamjibu, "Mheshimiwa, wale walikuwa watu."

Mahakama ikacheka, hata yeye akajificha nyuma ya faili. Lakini hakuniachia. Kesi imeahirishwa, na kila Jumatatu naripoti kituoni. Siku ya kwanza walinipa benchi. Siku ya pili wakanipa kiti. Jumatatu iliyopita nilikuta foleni: koplo amegombana na mkewe, wenye bucha wawili hawasemeshani, na mkuu wa kituo mwenyewe anataka ushauri kuhusu shemeji yake. Nimewasuluhisha wote. Mke wa koplo ameniletea ndizi.

Kuhusu Nana: haandiki. Usimtumie barua, usimtumie zawadi, na tafadhali usimtumie hati ya kuitwa ofisini kwenu, maana nakujua. Ni shamba la mbali.

Kuhusu yule dereva, umenichoma. Nimeitumia familia yake magunia ya viazi vikuu bila kusema yametoka kwa nani. Najua viazi haviungi taya. Kama ningekuwa na simu mbili, moja ya mambo ya yule mfanyabiashara na moja ya mambo mengine, ningewapa ile moja leo hii. Lakini ninayo moja, na nyinyi mkifungua mlango hamna mazoea ya kuishia sebuleni.

Gereza naliogopa, Kwadwo. Usidhani siliogopi.

Mjomba wako


Accra,
17 Oktoba 2022

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii uisome peke yako kisha uichome.

Nimefanya jambo baya. Mama alikuwa jikoni anatwanga mihogo ya fufu, simu yake iko kochini. Nikaikumbuka barua yako. Nikasema moyoni, hebu nione tu. 060357. Ikafunguka papo hapo, kama mlango wa duka.

Nikakuta kundi la wazee wa ukoo. Nilisoma mstari mmoja. Mstari mmoja tu, nakuapia, kwa sababu Mama aliingia na mchi mkononi.

Sitakuandikia mstari huo ulisemaje. Nilimuuliza, "Mama, kumbe Nana..." Sikumaliza. Alinizaba kofi ambalo sijalipata tangu nikiwa darasa la nne.

"Wewe!" akasema. "Uliwahi kusikia chifu wa Asubenso amefanya hilo unalotaka kulitamka? Nana huenda shamba. Anakaa huko mpaka mambo yake yatengenezwe, mahali pake patengenezwe, ndipo ngoma zitoe taarifa. Anayetangulia ngoma analaaniwa yeye na aliyemwambia. Ndiyo hasara ya kukulea kwa baba yako, kati ya samaki!"

Kisha akakaa akalia, mchi bado mkononi. Na mimi nikalia. Alikuwa akinipa karanga nikiwa mdogo, Nana. Na mimi nimekuwa nikimuuliza analima nini.

Sasa nimeelewa schnapps, na harusi, na likizo ya wapiga ngoma. Nimeelewa kwamba ushahidi wa kukutoa wewe hatiani ndilo hilohilo jambo usiloweza kulisema.

Kesho yake nilikwenda kwa Madam Agbenyega nikamwambia wewe ni mjomba wangu. Akauliza, "Unajua kilichomo ndani ya simu ile?"

Nikasema, "Kidogo, Madam."

"Ni kosa la jinai?"

"Hapana."

"Ni nini?"

"Siwezi kusema."

Akasema, "Kwa hiyo sasa nina simu mbili zilizofungwa." Ameniondoa kwenye kesi na kunihamishia dawati la simu zilizopotea. Kutwa nzima watu wananililia. Simu yako ameifungia kabatini, anasubiri mtambo kutoka ng'ambo ambao eti unavunja kila kitu. Utafika Januari.

Nisamehe, Mjomba. Ngoma zifanye haraka.

Kwadwo


Asubenso,
5 Novemba 2022

Mpwa wangu,

Marahaba, mara nyingi. Barua nimeichoma, na majivu nimeyamwaga.

Kusoma simu ya mama yako umekosa, kofi umeshalipata, yameisha. Ulivyokwenda kwa bosi wako umenifanya nitembee mjini kifua mbele bila kumwambia mtu kwa nini. Watu wanadhani miguu imepona.

Ila nina swali. Ulisema mstari mmoja. Una hakika ni mmoja? Mstari upi, wa juu au wa chini? Hukuteremka kidogo, kwa bahati mbaya, kidole kikateleza?

Mambo mengine madogo. Unavaa viatu namba ngapi? Kile kidole ulichovunjika kwenye mpira, kilipona kikanyooka? Huna kovu lolote kubwa? Una hasira za haraka siku hizi? Nauliza tu, kama mjomba.

Mama Malkia wa ikulu anakusalimu. Anauliza kama unakoroma.

Y. Ntiamoah


Accra,
30 Novemba 2022

Mjomba,

Shikamoo. Mstari ulikuwa wa juu, na sikuteremka. Viatu navaa namba arobaini na tatu. Kidole kimenyooka. Kovu sina. Sikoromi, ila sina shahidi ninayeweza kumtaja kwenye barua ya familia. Kama mnanitafutia mchumba, semeni waziwazi, ninaye wangu, nitawaeleza wakati ukifika.

Hasira ninazo kila anapokuja mtu aliyepoteza simu yake huku ameishika mkononi.

Mjomba, mtambo umeshafika bandarini. Mambo yale yakoje?

Kwadwo


Asubenso,
21 Januari 2023

Kwadwo,

Ngoma zimelia.

Zimelia alfajiri ya Jumatano ya wiki iliyopita na mji mzima ukavua viatu. Sasa naweza kuandika kama mtu mwenye mikono miwili: Nana wetu amefariki. Amefariki tangu Julai. Nilikuwa nimeshika kichwa chake. Miezi yote hii nimekula, nimesalimia watu, nimesema hajambo, na kila niliposema hajambo nilimzika upya. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Sasa nakwambia wewe.

Jumatatu nilikwenda kuripoti, nikamwomba mkuu wa kituo gari, nikapelekwa kwa hakimu. Madam Agbenyega alikuja na simu yangu. Nikamwambia hakimu, "Namba nimeikumbuka." Akasema, "Hongera, Mzee." Sikuitaja. Niliiandika mwenyewe kwa kidole changu, nikawafungulia mazungumzo ya yule mfanyabiashara, hayo tu, na hakimu akaamuru yaliyobaki yasiguswe. Madam akaniuliza, "Ndiyo hayo tu?" Nikamwambia, "Nilishakwambieni mngeishia sebuleni tungeelewana mapema." Akanyanyua mikono.

Mimi nimefutiwa kesi, maana sasa nimetaja schnapps zilikuwa za nini: za kumsindikiza Nana. Ila nisikufiche kitu. Kulikuwa na sauti ya yule mwizi akijisifia ghala lake la Obuasi. Walikwenda, wakalikuta tupu, mzigo umeuzwa wote Krismasi. Madam hakunisema. Alisema tu, "Agosti tungewakuta." Kauli hiyo nitakwenda nayo kaburini. Mimi na wewe tulikuwa sahihi sote wawili, na yule dereva bado anakunywa kwa mrija.

Sasa njoo. Mazishi ni wiki ya pili ya Februari. Njoo na mama yako, vaa nyeusi, omba likizo ndefu. Kula kabisa kabla ya kufika. Bastola iache Accra. Usiulize maswali njiani, mama yako hana uso wa kuficha kitu.

Mjomba wako


Chumba cha ndani, Ikulu ya Asubenso,
15 Februari 2023

Mjomba!

Sisalimii. Nitasalimia hasira zikiisha.

Naandika nyuma ya karatasi ya biskuti, na ninaipitisha chini ya sahani kwa yule mpishi. Jana nilikuwa mfiwa kama wafiwa wengine, nimesimama karibu na spika. Nikasikia watu wamenishika mabega. Nikadhani wananifariji. Nikanyanyuliwa juu kama gunia, nikapakwa udongo mweupe, mtu akapiga kelele jina ambalo si langu, na Mama yangu mzazi amesimama pale anacheza! Kwa goti lile!

Nimeuliza, wakaniambia wateule wote wa kiti cha chifu hukamatwa hivi bila kuambiwa, kwa sababu wakiambiwa hukimbia. Wana akili sana. Kumbe ndiyo maana hukutaka simu ifunguliwe. Si kifo cha Nana tu. Mlikuwa mnanijadili mimi, na mfungua simu ndiye mimi! Nimekumbuka viatu. Nimekumbuka kidole. Kama siku ile ningesoma mstari mmoja zaidi, leo ningekuwa Togo nauza nanasi.

Nitakaa. Nimelala hapa usiku mmoja, nimesikia bibi vizee wakipita dirishani wanamwambia Nana awasikilizie kesi zao, na Nana ni mimi. Sikuweza kuruka dirisha. Nitakaa, mwambie Mama Malkia aliyenichagua.

Lakini simu yangu! Wazee wamenipokonya. Wanasema kabla sijakalishwa kitini wanataka namba ya siri wanichunguze, nina madeni gani, wanawake gani, nimemtukana nani. Mzee Boahen ameniambia usoni, "Kama hakuna kitu mle ndani, unaficha nini?" Mjomba, nilitaka nimng'ate.

Hakuna kitu mle. Kuna picha za baba akiwa hospitali. Kuna ujumbe wa mchumba wangu Naa Dedei, ambaye nilitaka kumleta kwenu mwenyewe, siku yangu, kwa maneno yangu, si wazee wamsome kwa zamu huku wanatafuna kokwa za kola. Hakuna kosa hata moja. Ni yangu tu.

Nimekosa kwako tangu Agosti. Nisaidie.

Kwadwo


Asubenso,
16 Februari 2023

Nana,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikakaa nikalitazama. Nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi, na kuanzia leo nikija kwako navua viatu mlangoni. Sawa. Nimefurahi mpaka miguu haivimbi.

Jana wazee walikaa. Mzee Boahen akasema simu ifunguliwe, hata kwa nyundo. Mama Malkia akaniuliza, "Huyu kijana ana nini cha kuficha?" Nikamuuliza kama mlango wa choo chake una komeo. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Ndipo nikawaambia: huyu ni mtu aliyejua siri ya mji huu miezi mitatu, bosi wake akamtoa kwenye kesi kwa sababu hakuisema. Mnataka kumpima kwa kumvunjia simu? Tumekubaliana simu ya Nana haifunguliwi. Tumeimwagia schnapps kidogo, kwa nje tu, usiogope.

Kabla ya kukurudishia nilitaka kuhakikisha bado inafanya kazi, nikaipigia kwa simu yangu. Ikaita. Nikatazama kioo nione jina langu nimeandikwaje.

USIPOKEE.

Sikuangalia zaidi ya hapo. Nimeona vya kutosha.

Simu iko chini ya bakuli la fufu, imefungwa kwa jani la mgomba. Chaji imebaki kidogo. Mpigie kwanza Naa Dedei, mwambie mwenyewe, kwa maneno yako. Mimi nitakupigia jioni.

Nana, upokee.

Mjomba wako,
Yaw Ntiamoah